Kaida na Sauti katika Utendi wa Mwana Kupona
Wahakiki kadhaa wameusoma Utendi wa Mwana Kupona (1858) kama kioo cha utamaduni wa Waswahili: mke amtii mumewe, kwani radhi ya mume ni njia ya pepo. Usomaji huu unachanganya kaida na mwenendo. Kaida inayohitaji kuusiwa ni kaida isiyojitekeleza yenyewe. Isitoshe, mama anamwagiza bintiye amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema; kwa tashbihi hiyo, mwenye kutiiwa anageuka mwenye kulelewa. Aidha, anayeitamka kaida ni mwanamke mjane, naye ndiye mtunzi. Kwa hiyo, utendi huu hauthibitishi jinsi wanawake wa visiwa vya Lamu walivyoishi; unadhihirisha jinsi kaida inavyorithishwa, na jinsi mrithishaji anavyoweza kuipinda bila ya kuivunja.