Tetemeko au Mtikisiko? Uhakiki wa Istilahi za Usalama wa Majengo Mpakani Busia

Makala hii inahakiki neno moja, nguvu, katika Kiswahili cha matetemeko ya ardhi. Husemwa kuwa tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na nguvu ya 5.9, husemwa pia kuwa lilitikisa Bukoba kwa nguvu. Nguvu ya kwanza ni kipimo cha tukio lenyewe, na haibadiliki popote usimamapo. Ya pili ni hali ya ardhi mahali fulani, nayo hutofautiana kwa umbali na aina ya udongo. Ya kwanza inastahili kuitwa ukubwa, ya pili ukali.

Kwa mshauri wa sera aliyeko Dabani, tofauti hii si ya kiisimu tu. Dabani ipo kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa: tetemeko la Toro la 1966 lilitokea upande wa magharibi, la Subukia la 1928 upande wa mashariki. Mhandisi anayepima usalama wa wodi hapo huchagua rekodi za mitikisiko, yaani michoro ya jinsi mwendo wa ardhi ulivyobadilika sekunde kwa sekunde. Rekodi za kwetu ni haba, hivyo huazimwa za ng'ambo, kama ile mashuhuri ya El Centro, California, ya 1940, kisha hukuzwa au kupunguzwa. Kanuni ya Ulaya ya 2004 inataka rekodi zisizopungua 3. Zikifika 7, huruhusiwa kutumia wastani wa matokeo.

Uamuzi mzito umo katika uchaguzi huo. Mtikisiko wa haraka wa tetemeko la karibu huliumiza zaidi jengo fupi na gumu. Mtikisiko wa polepole utokao mbali hulisumbua jengo refu. Ripoti ikisema tu kwamba "tetemeko lenye nguvu lilitumika", mshauri atauliza nini? Hajui hata kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Mpaka unaongeza utata. Mwongozo wa Kenya wa 1973 uligawa nchi kwa ukali, kwa kipimo cha Mercalli. Kanuni ya Uganda, US 319 ya 2003, ina kanda zake yenyewe. Mfasiri atakayeandika nguvu katika nyaraka zote mbili atazipatanisha kwa maneno tu.

Wapo wanaopendekeza zilzala. Ni neno zuri, lakini nalo hutaja tukio, ilhali pengo letu liko kwenye mtikisiko.