Mfalme Aliyekwama Katikati: Hastings, 1895

Mwanafunzi wa chesi, awe Kasese mjini au Bwera jirani na mpaka wa Mpondwe, hukutana mapema na Ufunguzi wa Kiitaliano: askari e4 na e5, farasi f3 na c6, askofu c4 na c5. Wengi huukariri bila kujua unaadhibu nini. Wilhelm Steinitz, aliyekuwa bingwa wa dunia, alilionyesha hilo kwenye mashindano ya Hastings, Agosti 1895, akiwa na miaka 59, alipocheza nyeupe dhidi ya Curt von Bardeleben.

Watu husifu ngome iliyotolewa kafara mwishoni. Mimi naona mchezo uliamuliwa na askofu mweusi. Alikwenda c5, akaruka b4, kisha askofu mweupe alipotua g5 katika hatua ya 10 akarudi e7. Hatua tatu, na punde akabadilishwa! Vumbi la mabadilishano lilipotulia, zaidi ya malkia, ngome na askari, kila upande ulibaki na farasi mmoja tu. Steinitz akaweka ngome e1. Sasa farasi mweusi wa e7 ndiye ngao ya mfalme wake. Mfalme akijificha pembeni na ngome yake, farasi huyo analiwa bure.

Bardeleben alisogeza askari f6 ili mfalme atoke kwa miguu kupitia f7. Wazo zuri, ila hatua ya 16 akacheza c6 badala ya kwenda f7 mara moja. Steinitz akasukuma d5, akimtoa askari kafara. Faida yake si askari, ni mraba: d4 ilikuwa imezibwa na askari wake mwenyewe. Farasi akapita d4 hadi e6, akatawala c7, d8, f8 na g7.

Hatua ya 22 ngome ikamla farasi wa e7. Hapo kila hatua ya Steinitz ililazimika kumtishia mfalme, kwani mweusi naye alitishia kumfunga kwa kula ngome ya c1. Ngome ikatembea f7, g7, h7, haikamatiki. Bardeleben aliinuka, akatoka ukumbini na kuacha saa yake iishe. Steinitz akawaonyesha watazamaji jinsi mfalme angefungwa kwa hatua kumi.