Mche wa Kahawa Uliojeruhiwa: Upi Uchukue, Upi Uache

Mvua za vuli zinapokaribia, mkulima wa Murukulazo wilayani Ngara, mkoani Kagera, anayetaka kuongeza mibuni husimama mbele ya safu za viriba, na macho yake hukimbilia majani. Mche ulionyooka wenye kilele kimoja ndio hubebwa kwanza. Wenye vichwa viwili hubaki kitaluni. Mara nyingi uchaguzi huo ni kinyume cha unavyotakiwa. Kwa mbuni, jeraha la kichwa hupona. Jeraha la mzizi mche huzeeka nalo.

Tuanze na huo wa vichwa viwili. Panzi, mbuzi au mkono wa mtu umekata kilele mche ungali mdogo. Majani ya mbuni huota mawili mawili yakitazamana, na kwenye kila kikwapa cha jani kuna macho yaliyolala. Kilele kikiondoka macho huamka, na chini ya kidonda huchomoza machipukizi mawili ya kwenda juu. Robusta, kahawa kuu ya Kagera, hulelewa kwa mashina kadhaa, na wapo wanaoinamisha mche mchanga makusudi ili wayapate. Kwa hiyo usiukatae kwa sababu ya idadi. Angalia machipukizi yalipotokea: yakiwa karibu na udongo, yamelingana unene na kuachana vizuri, mche ni mzuri. Yakiwa yamebanana hadi gome limekunjika katikati, yatapasuka siku yakilemewa na matunda, basi ondoa moja mapema.

Shingo ya mche inataka umakini zaidi. Pitisha kidole pale shina linapokutana na udongo. Ukikuta kovu lililozunguka, na juu yake shina limevimba kuliko chini, sota aliwahi kuguguna gome hapo, au jua kali liliunguza. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya gome. Njia ikikatika, hurundikana juu ya kovu. Ndiyo sababu mche wa namna hii unaweza kuonekana umenona huku mizizi yake inakufa njaa. Uache.

Sasa mzizi, ambako ndiko kwenye hasara kubwa. Mbegu ya kahawa huchukua kama wiki 6 hadi 8 kuchomoza, kisha mche huhamishiwa kwenye kiriba. Tundu likichimbwa fupi kuliko mzizi, mhamishaji husukuma tu, na ncha hupinda juu kama ndoano. Kitaluni hutajua, kwa kuwa mche unamwagiliwa. Utajua mwaka wa tatu au wa nne, katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, mbuni mmoja unaponyauka wakati jirani zake wamesimama. Hakuna mbolea wala matandazo yatakayounyoosha mzizi huo. Afadhali mzizi mrefu uliopunguzwa ncha kwa ukucha kabla ya kupandikizwa: huo hutoa matawi na kushuka.

Miche ya vikonyo, yaani iliyooteshwa kwa vipande vya mbuni badala ya mbegu, ina hukumu yake. Baada ya ugonjwa wa mnyauko fuzari kuiangamiza robusta nyingi ya Kagera, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilichagua aina zinazostahimili, Maruku 1 ikiwa mojawapo, na hizi huzalishwa kwa vikonyo. Hapa usitafute mzizi mkuu, haupo. Taka mizizi iliyosambaa pande zote. Kisha uliza kikonyo kilikatwa wapi. Kilichotoka kwenye chipukizi la kwenda juu hupanda juu. Kilichotoka kwenye tawi la pembeni huota mizizi vizuri na majani yake hung'aa, lakini kitatambaa ubavu maisha yake yote, hata ukipogoe vipi. Ukiona mche umelala upande na majani yamejipanga bapa, huo si ulegevu wa kunyooshwa kwa kijiti. Ndiyo tabia yake.

Kabla hujalipa, omba viriba viwili au vitatu kutoka pembe tofauti za kitalu, vipasue ubavuni, suuza udongo, utazame. Vilipie hivyo ulivyopasua. Ni gharama ndogo kuliko miaka minne ya palizi. Mwenye kitalu akikataa, nenda kwa mwingine.