Boriti ya Bembea

Kuna fundi mzee hapa Litein ambaye, ukimwomba akuchagulie ubao wa boriti ya bembea, haulizi bei kwanza. Huinua ncha moja, akafumba jicho na kuutazama kwa urefu wake wote, aone kama umepinda. Akiridhika ndipo anaanza kutafuta vifundo.

Hapo ningependa kila mzazi asimame amtazame. Kidole gumba hupita ukingoni polepole. Kifundo kidogo kilichoshikamana vyema, kikiwa katikati ya ubavu, anakisamehe. Kikiwa ukingoni, huugeuza ubao ili kielekee juu. Kikiwa kikubwa, ubao unarudi kwenye rundo hata mwenye yadi akinuna. Boriti ikilemewa, ukingo wa chini ndio unaovutwa, na huko anataka nyuzi zipite bila kukatizwa. Boriti yake ya inchi sita kwa mbili huisimamisha kwa ukingo, maana ikilazwa inapoteza theluthi mbili ya nguvu zake. Wala hapimi uzito wa mtoto aliyeketi tuli. Mtoto wa kilo 30 akibembea mpaka kamba zilale usawa wa boriti, anapopita chini boriti hubeba kama kilo 90. Na ni lini mtoto alipanda bembea peke yake?

Zamani mtarakwa ulipatikana. Nguzo zake bado zimesimama kwenye nyua za wazee, kwa kuwa mchwa hawaupendi na mvua hauijali. Siku hizi tuna saipresi na mkaratusi, hasa wa mashambani, tangu ukataji katika misitu ya serikali ulipopigwa marufuku kwa miaka kadhaa kuanzia Februari 2018. Mkaratusi una nguvu, siulaumu mti. Lakini viwanda vya majani chai vinautaka kwa kuni, kwa hiyo mwingi unakatwa ungali mchanga, na ule unaopasuliwa mbao unauzwa mbichi. Ukikaukia juu ya vichwa vya watoto, unajipinda na kupasuka kuanzia nchani.

Mzee huyu hupanga mbao zake kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, ncha zimepakwa rangi zisikauke haraka kuliko sehemu nyingine. Kwa mvua zetu za alasiri, kazi hiyo hula miezi. Boriti ikishapanda, huifunika kwa ukanda wa bati, maji yasituame kwenye matundu ya bolti, kwani huko ndiko uozo huanzia.

Leo tunanunua asubuhi, tunapigilia mchana, na jioni mtoto anabembea. Rangi nyekundu na buluu inaficha kila kifundo. Ukimwuliza muuzaji ubao umekaushwa muda gani, anakutajia bei. Inaniuma zaidi kwamba mzee hana mwanafunzi. Vijana ambao wangesimama kando yake wako stejini na pikipiki, wakitafuta riziki ya siku hiyo hiyo, nasi wenye watoto hatujawahi kumlipa fundi hata shilingi kwa ile miezi ya kungoja ubao ukauke.