Kiungo Kisichoonekana

Brashi bado imetundikwa. Kwanza mzee anadondosha maji kidogo kwenye jiwe la wino, kisha anashika kijiti cheusi cha masizi ya msonobari yaliyogandishwa kwa gundi ya ngozi. Anakisugua kwa mizunguko ya taratibu, bila kukikandamiza. Maji yanakuwa ya kijivu, kisha meusi, kisha mazito. Hapo mkono unatulia.

Karatasi ya Kichina iitwayo xuan ameikunja mapema, mikunjo imwongoze: safu nne, herufi tano kila safu. Herufi hizo ishirini ni shairi zima la mshairi Li Bai kuhusu mbalamwezi na kukumbuka nyumbani. Li Bai alifariki mwaka 762, lakini hati aliyoichagua mzee ni ya kale zaidi. Ni hati ya mihuri, iliyosanifiwa na dola ya Qin baada ya kuiunganisha China mwaka 221 KK.

Anaanzia kulia, juu. Brashi ya manyoya ya mbuzi imesimama wima, kiwiko kiko hewani. Ncha inagusa karatasi, inarudi nyuma kidogo, inafunika alama yake yenyewe, ndipo inasonga mbele. Mwishoni inarudi tena. Hivyo mstari hauna mkia wala kichwa, na unene wake ni mmoja mwanzo hadi mwisho. Karatasi hii hunywa wino upesi: ukisita, doa linatanda, ukiharakisha, mstari unakauka. Mzee hasiti wala haharakishi.

Anafika kwenye herufi yenye maana ya kung'aa. Katika hati hii ni dirisha, na kando yake mwezi. Analijenga dirisha kwanza, kisha anaupinda mwezi, mwembamba na mrefu.

Safu ya mwisho ina herufi yenye umbo la mdomo ndani yake, kama bakuli. Bakuli hilo halichorwi kwa mkupuo mmoja. Upinde wa kushoto unashuka hadi chini na kukoma. Wa kulia unashuka kuufuata, na ncha inatua palepale pa mwenzake.

Anagonga mhuri wake mwekundu, herufi zake zimechongwa kwa hati hiyohiyo. Wino ulipokauka niliinama kutafuta pale pinde mbili zilipokutana. Sikupaona. Mzee alikuwa ameshageukia beseni, akiosha brashi mpaka maji yakawa safi.