Baiskeli Nyuma ya Kibanda: Hesabu ya Ekseli

Marekani na Kanada kuna watalii wanaosafiri na nyumba juu ya pikapu. Nyumba hiyo si trela. Ni kibanda chenye kitanda, jiko, tangi la maji na choo, kinachoketi ndani ya bodi na kukazwa pembeni. Kikishaketi, bodi yote imeliwa, na mara nyingi kisogo chake kimechomoza kupita bampa. Baiskeli zitakaa wapi?

Wengi hutazama nyuma, wakaona pana nafasi, wakanunua keria. Kabla ya kununua, afadhali mtu ashike kalamu.

Chukua Ford F-350 ya milango minne yenye bodi ndefu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni karibu mita 4.5. Baiskeli mbili za umeme na keria yake hufika kilo 80 bila shida. Ili keria ipite kisogo cha kibanda, tundu la kuvutia trela lililo chini ya bampa hurefushwa kwa bomba la chuma, na baiskeli huishia, tuseme, mita 2.7 nyuma ya ekseli ya nyuma. Sasa ni kanuni ya wenzo: 80 mara 2.7, gawa kwa 4.5, jibu ni 48. Kilo 48 zimeondoka kwenye tairi za mbele, zile zinazokata kona, na kuhamia nyuma. Ekseli ya nyuma imeongezewa kilo 128, si 80, nayo ndiyo iliyokuwa imeelemewa na kibanda tangu mwanzo.

Hayo ni gari likiwa limesimama. Likiingia kwenye njia ya mashimo, mzigo ule hurukaruka, na kila mruko unalipinda bomba. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji husema tundu likirefushwa, uwezo wake uhesabiwe nusu. Tazama pia pale bomba linapoingia tunduni: likiwa limezama sentimita 15 na lina milimita moja ya kulegea, mita 1.2 kutoka hapo ulegevu huo umekuwa milimita 8. Basi bomba libanwe kwa kibanio cha bolti, kisha livutwe kwa minyororo ya kukaza, kushoto na kulia, hadi kwenye chasisi. Na ekzosi isielekee kwenye tairi za baiskeli. Moshi wa moto huyeyusha mpira.

Njia ya pili ni kufunga tundu jingine kwenye chasisi mbele. Baiskeli zilezile zikikaa mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma hupunguziwa karibu kilo 27. Ya mbele inapokea karibu 107, kwa hiyo nayo ipimwe. Gharama yake ni kwamba taa zinaweza kuzibwa, rejeta ikanyimwa upepo, na rada ya breki za dharura ikapofuka. Hata hivyo, kwa baiskeli nyepesi zinazokaa chini ya usawa wa taa, mimi nachagua mbele.

Ngazi ya nyuma ya kibanda isitundikwe baiskeli. Imeshikwa kwa skrubu kwenye ukuta mwembamba. Skrubu zikilegea maji huingia, na fremu ya mbao huoza kimyakimya. Juu ya paa ndiko kubaya zaidi, kwani gari tayari ni refu na linayumba kwenye upepo.

Mizigo mingine nayo ina nafasi ya kurekebishwa. Betri za baiskeli zing'olewe zipande kabini. Vyuma na zana vikae chini, karibu na kabini. Maji ni lita moja kilo moja: ukiondoka na lita 50 badala ya 150, umeokoa kilo 100, zaidi ya keria na baiskeli zake. Kambi nyingi zina bomba la maji.

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi inayotaja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa pamoja, na nyingine inayotaja kikomo cha kila ekseli. Vituo vingi vya malori huko vina mizani ya CAT Scale inayopima ekseli mojamoja kwa dola chache. Pandisha gari likiwa na mafuta, maji na familia nzima ndani, linganisha na karatasi zile mbili, ndipo uende kununua keria.