Samaki Mmoja Akiwa Mzima

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani hapa Majengo, mjini Moshi, pamoja na wazee wenzangu wa kahawa. Akapita Mchina mmoja akitoka sokoni, mkononi ana mfuko wa nyanya na ndizi. Watoto waliokuwa wakicheza mpira wa matambara waliuacha mpira wao wakamfuata. Mmoja akarusha teke hewani na kuita, "Bruce Lee!" Mwingine akaanza kutoa milio isiyokuwa lugha ya mtu yeyote, "ching, chong", na wenzake wakamwitikia. Yule bwana alitabasamu kidogo, akaongeza mwendo. Sisi watu wazima tulicheka. Nami nilicheka, na kicheko hicho ndicho kilichonikosesha raha hata nikaandika kurasa hizi.

Bruce Lee alifariki mwaka 1973, kabla hata wazazi wa baadhi ya watoto wale hawajazaliwa. Jina lake limedumu kwetu kwa sababu ya sinema, na baadaye kwa sababu ya mabanda ya video, ambako kijana alilipa kidogo na kukaa kwenye benchi mpaka usiku. Vijana wa miji yetu walimpenda kwa sababu iliyo wazi: alikuwa mtu mwembamba, asiye na bunduki, anayewashinda wababe. Nani asiyempenda mnyonge anayeshinda? Lakini pendo lile lilituachia ujinga wake. Kila Mchina tukamdhania anajua kupigana. Mchezo wenyewe tukauita karate, na karate ni mchezo wa Wajapani, ilhali Bruce Lee alianzia kwenye kung fu ya Kichina. Tulimpenda shujaa bila kuwajua watu wake, wala hatukuona kwamba tumepungukiwa na kitu.

Miaka mingi baadaye ilitujia sura nyingine, nayo ni ya Yao Ming, mcheza mpira wa kikapu mzaliwa wa Shanghai, mwenye urefu wa mita 2.29. Mwaka 2002 alichaguliwa wa kwanza kabisa katika usajili wa ligi kuu ya Marekani, akajiunga na Houston Rockets, akacheza huko hadi alipostaafu mwaka 2011. Hapa Majengo, penye mapenzi makubwa ya soka, watu wachache tu wangemfahamu kwa kikapu. Jina lake lilitufikia kwa njia ya tembo. Agosti 2012 alifika Kenya kujionea mwenyewe mauaji ya wanyama hao, na picha zake zikaenea: jitu refu lililosimama kimya karibu na mzoga wa tembo aliyeng'olewa pembe. Hakuja kutuhutubia sisi. Alikuwa akisema na watu wa kwao, akiwaambia kwamba pembe wanazozinunua zinatoka kwenye mizoga ya namna ile.

Kwetu Tanzania picha ile haikuwa habari ya mbali. Hesabu ya serikali ilionyesha kwamba tembo wapatao 109,051 wa mwaka 2009 walikuwa wamebaki 43,330 mwaka 2014. Mwaka 2015 alikamatwa Yang Fenglan, mfanyabiashara wa Kichina ambaye magazeti yalimpa jina la Malkia wa Pembe za Ndovu. Mama huyu alikuja nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1975 akiwa mkalimani katika ujenzi wa reli ya TAZARA. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15, pamoja na Watanzania wawili.

Basi, msomaji, nikueleze jinsi habari hizi mbili zilivyopokewa barazani. Ya Yao Ming ilipozungumzwa, mzee mmoja alisema, "Yule si kama wenzake." Ya Yang Fenglan ilipozungumzwa, mzee yule yule alisema, "Wachina ndivyo walivyo." Wote tulitikisa vichwa kukubali mara zote mbili. Wema wa Yao Ming ukawa mali yake peke yake. Kosa la Yang Fenglan likagawiwa watu zaidi ya bilioni moja. Na wale Watanzania wawili waliohukumiwa naye? Hakuna aliyesema, "Watanzania ndivyo tulivyo." Hao tuliwaona ni watu wawili walioponzwa na tamaa zao.

Tunayo methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuitilia shaka. Leo naona ina kasoro: haina ndugu. Hatuna methali isemayo kwamba samaki mmoja akiwa mzima, tenga zima ni zima. Kwa sababu hiyo nasita kukubaliana na wale wanaoamini kwamba mwanamichezo mashuhuri huwasafishia jina watu wa taifa lake. Anaweza kupendwa mno, na pendo lile likaishia mlangoni pake. Kumsifu kwamba si kama wenzake ni kuwatukana wenzake kwa mdomo wa tabasamu.

Yao Ming mwenyewe aliyaonja haya huko Marekani. Mwaka 2002 Shaquille O'Neal, mchezaji Mweusi mwenye jina kubwa kuliko karibu wote wa wakati ule, alimtumia salamu za dhihaka kwa milio kama ile ya watoto wetu wa Majengo. Maneno yale yalipozua malalamiko aliomba radhi, akasema alikuwa akitania. Yao alijibu kwa upole kwamba Kichina ni kigumu, hata yeye kilimtaabisha utotoni. Jibu zuri, lakini mimi linanihuzunisha. Mtu wa watu waliodhihakiwa kwa rangi yao kwa karne nyingi alimdhihaki mgeni kwa lugha yake, na mgeni ndiye aliyelazimika kuifanya aibu ile iwe mzaha. Yule bwana mwenye mfuko wa nyanya alifanya vivyo hivyo mbele yetu alipotabasamu.

Wala sisi wa Moshi hatuna kisingizio cha kusema hatujui jambo hili linavyouma. Mama yangu ni Mchaga. Nilipokuwa kijana natafuta chumba Dar es Salaam, mwenye nyumba mmoja aliniuliza kabila, nikamjibu. Akacheka na kusema chumba kipo, ila afadhali kwanza afiche fedha zake. Alikuwa akitania, bila shaka. Nilitabasamu, nikalipa, na maneno yale ninayo hadi leo. Na hapa hapa mkoani, wapo watu wa mlimani wanaotuita sisi wa Majengo "Waswahili" kwa sauti inayomaanisha wavivu na wenye maneno mengi, hata kabla hawajatuuliza tunafanya kazi gani.

Ajabu ni kwamba kwa mtu wa kwetu tunaigeuza methali. Mwaka 1968 kule Mexico, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alimaliza mbio za marathoni wa mwisho, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ulimwengu ukamheshimu, nasi tukasema: huyo ndiye Mtanzania. Aprili 2008 mwenge wa michezo ya Beijing ulipopita Dar es Salaam, kutoka stesheni ya TAZARA hadi Uwanja wa Taifa mpya, Akhwari alikuwa miongoni mwa waliokimbia nao. Stesheni na uwanja vyote viwili ni kazi ya mikono ya Wachina. Siku ile uvumilivu wa mtu mmoja ulikuwa wetu sote, wala hakuna Mtanzania aliyesema, "Akhwari si kama wenzake."

Simlaumu Yao Ming. Alifanya lililomstahili mtu mwenye jina, na mwisho wa mwaka 2017 China ilipiga marufuku biashara ya pembe za ndovu ndani ya nchi, jambo ambalo yeye na wengine wengi walilipigania. Lawama yangu ni kwetu tunaomtazama. Tunampa mtu mmoja mrefu kazi ya kutufundisha habari za taifa zima, kisha tunakataa kujifunza.

Juma lililofuata yule bwana alipita tena. Safari hii nilimwahi kabla ya watoto, nikamwamkia, "Habari za jioni?" Akajibu, "Nzuri, mzee wangu," kwa Kiswahili kilichonyooka. Nikamkaribisha. Akanywa vikombe viwili vya kahawa na kula kashata, akatuambia kwamba yeye ni fundi wa mitambo ya barabara. Nikamwuliza juu ya Yao Ming. Akasema kikapu hakimvutii. Yeye ni mtu wa mpira wa meza. Kupigana hajui, na utotoni alipigwa sana na dada yake.

Kisha naye akaniuliza, kwa heshima kabisa, mimi niliyezaliwa chini ya Kilimanjaro nimeufikia mlima ule kileleni mara ngapi. Wazee wakaangua kicheko. Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kupanda hata mara moja.